Wananiita Kizuizi cha Mbinguni

Mama Devota mpendwa, shikamoo mama. Nakuandikia nimekasirika na sitaki kukuficha, maana nikisema nitulie kwanza ndipo niandike basi sitaandika kabisa, na siku zenyewe zimekwisha, kwa hiyo naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ya kwanza ya Desemba, na majina yote humu nimeyabadilisha isipokuwa lile walilonipa wao, la Kizuizi, hilo lichape kama lilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini, mkazi wa Msamala hapa Songea, Mkatoliki niliyebatizwa mtoto mchanga, kwetu ni upande wa Namtumbo, na mwaka 1976 niliolewa na mwanamume ambaye nitamwita Sixbert, alikuwa karani wa kupima tumbaku, kila msimu anakuja kijijini kwetu na mizani yake na kalamu mbili mfukoni, na wote tulijua ana mke mtaa wa Mjimwema hapa Songea, dada Getruda, wa ndoa ya kanisani, sisemi nilidanganywa, nilijua. Lakini hakuniiba. Alikuja na wazee wake, baba yangu mzee Longino akapokea mbuzi watatu, jembe, na blanketi la mama, watu wakala wakacheza, nikasindikizwa na shangazi zangu mchana kweupe kila mtu akiona. Tangu siku hiyo sijapokea Komunyo, miaka kumi na tisa mama, wenzangu wanapokwenda mbele mimi nasogeza miguu pembeni wapite, na nilikubali, nikasema haya, ndivyo nilivyochagua.

Nimemzalia watoto wanne, matofali ya nyumba ya Msamala nimeyafyatua kwa mikono hii nikiwa na mimba ya Majaliwa, mtoto wetu wa kwanza, na wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao makarani wakapunguzwa, Sixbert akarudi nyumbani na kalamu zake, akawa mtu wa kukaa barazani amevaa koti anasikiliza redio ikisema soko huria, soko huria. Nani alilisha nyumba mbili? Mimi. Niliuza dagaa wa Nyasa pale sokoni Majengo, jua langu, mvua yangu, na kila wiki nampelekea dada Getruda debe la mahindi, na hakuna siku hata moja mtu wa kanisa alisimama akasema debe la Kizuizi halipokelewi.

Mwaka huu mwanzoni akaanza kuvimba tumbo, daktari akasema ni ini, maji yanajaa, wanayatoa yanarudi. Miezi minane nimemuuguza mimi, kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko, maana dada Getruda mguu wake mbovu hawezi kuinua mtu mzima. Mwezi wa tisa katekista wetu, nitamwita Pankrasi, akaanza kuja kila Jumatano kusali naye, nami nikafurahi kwa kweli, hata nikawa namwekea chai na kiazi. Kumbe!

Siku moja jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilisali nyumbani kwangu, kwangu mimi, kwenye mikeka yangu, ikafika wakati wa maombi, Pankrasi akafumba macho akasema, "Tumwombee mzee wetu Sixbert anayetamani kurudi kundini, ili kizuizi kilichopo kiondolewe, naye apate kufika mbinguni." Watu wote wakaitikia, kisha wakafumbua macho na macho yote yakahamia kwangu. Ndiyo nikaelewa kwamba kizuizi ni mimi, nimewaandalia mikeka waniombee niondolewe. Wiki iliyofuata wakaja na pikapu, wakambeba mgonjwa wakampeleka Mjimwema kwa dada Getruda, na yeye hakupinga, aliniomba tu nimletee koti lake. Tangu hapo hilo ndilo jina langu. Bombani wanawake wanasema, "Mpisheni Kizuizi achote," na wanacheka. Sokoni jirani yangu Salum, muuza chumvi, Mwislamu na mtu mwema, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Dada, hicho kizuizi wanachosema ni kama kile cha ushuru pale barabarani? Maana kile mtu akijieleza vizuri anapita." Nilicheka mama, halafu nikalia mbele ya wateja.

Sasa ubaya wenyewe ni huu. Pankrasi amekuja na karatasi aliyochana kwenye daftari, ameiandika kwa mkono wake, nami nakunakilia neno kwa neno: "Mimi natamka mbele ya mashahidi kwamba sikuwa mke wa Sixbert bali hawara yake, na kuanzia leo namwacha huru." Anataka hiyo Ijumaa, padre atakapokuja kuwazungukia wagonjwa, nisimame Mjimwema mbele ya jumuiya nzima niisome kwa sauti, nisipoisoma mzee hatapewa kitubio wala mpako wa wagonjwa wala Komunyo. "Mama," akaniambia, "roho ya mtu iko mikononi mwako." Nikamuuliza, "Na mbuzi watatu aliopokea baba yangu walikuwa wa uhawara?" Akasema hayo ni mambo ya mila. Nikamuuliza, "Na Majaliwa ambaye ulimfundisha wewe mwenyewe Kipaimara, nimwambie yeye ni mtoto wa nini?" Akaangalia saa yake.

Nikaenda Mjimwema kumsikia Sixbert mwenyewe. Amekonda uso, tumbo tu ndilo limebaki, nikamsalimu, akaanza kulia kabla sijakaa. Akasema, "Mama Majaliwa, nisaidie. Yasome tu. Ni maneno tu hayo. Mimi ninakwenda." Nikasema unakwenda wapi, akasema, "Kwa Mungu. Nataka nikae naye, basi. Sitaki kingine." Nikamwambia, "Haya, wewe uende kwa Mungu, na mimi niende wapi?" Akageukia ukutani, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Wewe bado una nguvu."

Mama Devota, miaka kumi na tisa, na jibu ndilo hilo. Dada Getruda alinisindikiza mpaka mlangoni na mguu wake ule, akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, sema tu yaishe, mzee apumzike. Mimi mwaka sabini na sita nilisema yangu yote, na hakuna aliyenisikiliza."

Kwa hiyo nataka nikatae. Nasema kweli, nataka nisiende hiyo Ijumaa, nataka afike huko mlangoni mikono mitupu, aulizwe mwanamke wa Msamala aliyekuogesha miezi minane yuko wapi, tuone atasema nini. Siku hizi hata wakiimba nyimbo za mbinguni kanisani nafunga mdomo. Wanatufundisha kwamba huko hakuna kuoa wala kuolewa, sasa kama ndoa huko haina kazi, kwa nini imekuwa ndiyo tiketi ya mlangoni? Lakini papo hapo naogopa, kwa sababu kama nikikataa na Sixbert akapotea milele, basi mimi ndiye nitakuwa nimemsukuma motoni kwa mkono wangu, na sitaweza kumwangalia Majaliwa usoni. Nikisoma najiua jina, na la watoto wangu. Nisiposoma namuua yeye roho. Niambie mama, nisome au nisisome?

Mimi Kizuizi,
Msamala, Songea, 6 Novemba 1995.


JIBU LA MAMA DEVOTA

Mama Majaliwa, hilo jina ulilotia sahihi nimelichapa kwa sababu umeniomba, lakini mimi sitakuita hilo wala usiwajibu wanaokuita hilo. Barua yako imeruka foleni. Kuna watu wameniandikia tangu Agosti kuhusu wakwe zao, watanisamehe.

Usisome. Jibu lako hilo, nimelitoa mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa. Na usikatae kwenda.

Tuanze na hilo neno. Kizuizi ni neno la watu wa sheria za Kanisa, na maana yake ni jambo linalozuia ndoa isifungike au sakramenti isipokelewe. Ni jambo, sikiliza vizuri, si mtu. Kwa Sixbert jambo lenyewe ni kwamba alikuwa na ndoa yake hai, akaenda na mizani yake Namtumbo akatafuta nyingine. Aliyekuwa na ndoa ni nani? Yeye. Aliyekuja na wazee na mbuzi ni nani? Yeye. Sasa wakati wa kuliondoa jambo hilo umefika, wamekuinua wewe na kukutoa nje kama kabati linaloziba mlango, na aliyelileta amelala kitandani anaombewa. Nimekasirika mpaka chai yangu imepoa.

Mwalimu Pankrasi, najua unasoma gazeti hili, makatekista wote mnalisoma mkisubiri misa ya pili. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi kaa chini usikilize. Nimempelekea barua hii padre ninayemwamini, wa mbali na huko kwenu, mtaalamu wa mambo hayo hayo ya ndoa. Aliponirudishia aliniuliza mara mbili kama kweli karatasi imeandikwa neno hawara. Anasema karatasi ya namna hiyo haipo katika Kanisa, haikuwahi kuwapo, umeitunga wewe kwenye daftari lako. Kinachotakiwa ni kwamba Sixbert asiishi tena na huyu mama kama mke na mume, ajute mwenyewe, aungame mwenyewe kwa mdomo wake, na amtendee haki yeye na watoto aliowazaa naye. Hayo ndiyo mambo. Kuacha unyumba si kumtupa mtu nje na kumpaka matope mbele ya majirani. Ulikuwa na nia njema, sibishi, ulitaka mzee afe vizuri, lakini ulikunywa chai ya mwanamke huyu Jumatano baada ya Jumatano huku ukimtafutia jina la kumwita. Nenda kwa paroko wako kabla yeye hajaja kwako.

Na wewe Sixbert, kama kuna mtu anakusomea. Unaumwa, nami nakuonea huruma, tumbo la maji ni mateso makubwa. Lakini ile "wewe bado una nguvu" ilinifanya niiweke barua nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Unatamani kukaa na Mungu milele na hutaki kingine. Ni tamaa nzuri kuliko zote ulizowahi kuwa nazo, na naamini kabisa kwamba Mungu anakungoja. Ila ujue huko unakokwenda hawaendi watu waliobebwa kwa uongo wa mtu mwingine. Unamwomba aseme uongo mbele ya watu ili wewe ukasimame mbele ya Kweli yenyewe, unaona inavyokaa hiyo? Omba msamaha, ndugu yangu. Kwa Getruda, wa kwanza, maana yeye alilia peke yake mwaka sabini na sita. Kisha kwa huyu. Wakati bado unao.

Sasa ni zamu yako mama, na usidhani kwa kuwa nimewafokea wao wewe utapita hivi hivi.

Kwanza, huna funguo za mbinguni. Pankrasi alikuambia roho ya mtu iko mikononi mwako, wewe ukaamini, na ukweli ni kwamba ulipenda kidogo. Nakuelewa. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na tisa bila neno lake kusikilizwa popote, leo anaambiwa akifunga mdomo mwanamume hafiki kwa Mungu, nani asingependa? Lakini si kweli. Ukikataa humfungii, ukikubali humfungulii. Sixbert akijuta kwa kweli, Mungu hatasubiri karatasi ya daftari, na asipojuta, hata ukisoma karatasi mia haitamsaidia. Kwa hiyo mzigo wa kumsukuma mtu motoni utue leo hii. Na ile hamu ya kumwona amesimama mlangoni mikono mitupu uitue nayo.

Pili, umesema ulijua ana mke. Umelisema haraka haraka na ukakimbilia mbuzi. Rudi nyuma. Ulijua, na Getruda alikuwa Mjimwema na watoto wake akiambiwa siku fulani mzee yuko safarini. Debe la mahindi ulilompelekea lilikuwa zuri na Mungu ameliona, lakini halifuti hilo. Kuna neno hujawahi kumwambia yule mama, na unalijua. Mwambie mkiwa wawili tu, jikoni, bila shahidi na bila katekista.

Tatu, ile hoja yako kwamba huko hakuna kuoa wala kuolewa. Umeichomoa ili uwapige nayo, na umewapiga vizuri, nimekubali. Lakini ulivyoichomoa hukuiangalia. Kama huko hakuna kuoa wala kuolewa, basi huko hakuna mke mkubwa wala mke mdogo. Hakuna wa Mjimwema na wa Msamala, hakuna zamu ya siku tatu huku na siku nne kule. Mungu mwenyewe ndiye atakuwa wa kila mmoja mzima mzima, hagawanywi, hakuna anayepata mabaki. Wewe uliyekula mabaki ya mume miaka kumi na tisa ungetakiwa kuwa wa kwanza kuimba nyimbo hizo, tena kwa sauti ya juu. Badala yake umewaachia wao waziimbe.

Na hapa ndipo nilipokasirika kuliko pote, na nimekukasirikia wewe. Umeniandikia kurasa nne. Mbingu ya Sixbert imo kila ukurasa. Atafika, hatafika, nimpe, nimnyime. Mbingu yako wewe haimo. Ulimuuliza mgonjwa, "Na mimi niende wapi?" akageukia ukutani, ukaona basi limejibiwa. Mimi hukuniuliza kabisa. Nyumba nzima, jumuiya nzima, katekista, mume, wote wanahangaikia mtu mmoja afike kwa Mungu, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke anayebeba beseni la maji naye alibatizwa. Hata wewe mwenyewe umesahau.

Kwa hiyo fungua masikio. Tangu siku ile ya pikapu huishi na Sixbert kama mke na mume. Wamekutoa kwa ubaya, lakini umetoka. Nilimuuliza yule padre, "Na huyu mama je?" Akasema ukiwa umeamua kwamba hurudi tena katika maisha yale, hakuna kinachokuzuia kwenda kitubio na kupokea Komunyo hata kesho asubuhi. Hata kesho! Umekuwa huru miezi miwili na hakuna aliyepoteza dakika moja kukuambia.

Fanya hivi. Karatasi ya Pankrasi usiichane, mrudishie mkononi mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, mwambie akaionyeshe kwa paroko. Mambo ya nyumba ya Msamala yamalizwe siku yake, si Ijumaa: waite mwenyekiti wa mtaa, Majaliwa na mtoto mkubwa wa dada Getruda, Sixbert atamke mbele yao kwamba nyumba ni ya kwako na wanao, iandikwe, na Getruda awepo asikie. Usichanganye hilo na sakramenti, watu wasije wakasema ulimuuzia mzee mbingu kwa matofali. Jumamosi hii nenda parokiani, upange foleni ya kitubio, useme ya kwako tu. Ukianza kusema ya Sixbert padre atakukatiza, na atakuwa amefanya vizuri.

Ukimwona mgonjwa, ukitaka kusema neno, sema lililo la kweli: "Nilikuwa mke wako wa pili, baba yangu alipokea mbuzi wako mbele ya watu. Sasa sikai nawe kama mke, na sikudai unyumba." Kama una neno la kumsamehe limefika kooni, litoe. Kama halijafika, usilazimishe, mwambie unamwomba Mungu akusaidie ulifikie. Hilo nalo ni kweli, na wagonjwa wanajua kutofautisha.

Ijumaa ikifika uoge, uvae kitenge chako kizuri, uende Mjimwema. Usikae mlangoni na wanaokuja kuangalia. Kaa kitandani upande wa miguu ya mzee, karibu na dada Getruda. Padre akishamaliza mpako atafungua kile kisanduku kidogo cha Ekaristi na atauliza kama ni mgonjwa peke yake atakayepokea Komunyo. Usimwangalie Pankrasi, usiwaangalie wanajumuiya. Mwangalie padre, na umwambie kwa sauti wote wasikie: "Hapana, Padre. Tuko watatu."